Nywele za Nicanor

Sucre, 14 Machi 1988

Wifi yangu Eulalia,

Kuna sauti moja haijaniacha tangu nilipopanda lori. Ni kijiko cha mwanangu Nika kikigonga sahani ya bati: ti-ti-ti-ti-ti, upesi upesi, kama kuku anayedonoa punje isiyokwisha. Unakumbuka? Tulikuwa jikoni kwenu, Mama anamenya viazi, wewe unanicheka kwamba mji umenifanya nisahau kukaa chini kama watu. Nikageuka nimwambie mtoto aache mchezo. Hakuwa anacheza. Macho yalikuwa yamepanda juu, supu inamdondoka kidevuni, na mkono unagonga wenyewe bila yeye. Kisha kijiko kikanyamaza, akaendelea kula kana kwamba hakuna kilichopita. Hakujua kwamba alikuwa ameondoka.

Sijui kama nimefanya sawa kumwacha kwenu. Chuo cha ualimu hakipokei mtoto bwenini, mwaka huu ndio wa mwisho, na baba yake Zenón yuko Santa Cruz kwenye mashamba ya miwa, hatarudi kabla ya sikukuu ya Rozari, Oktoba. Najieleza hivyo asubuhi, mchana najieleza tena, kama mtu anayesubiri hakimu aingie.

Sasa vidonge. Muuguzi wa zahanati alisema kimoja asubuhi na kimoja jioni, baada ya chakula, bila kuruka siku. Alisema pia jina la ugonjwa, na najua Mama hataki neno kifafa litamkwe ndani ya nyumba yake. Basi lisitamkwe. Lakini vidonge ameze. Nakuomba wewe kwa sababu wewe unasoma, na kwa sababu ukiahidi jambo huwa unakasirika mpaka ulitimize.

Niandikie ukweli. Akipotea mara nyingi, andika nyingi.

Nilda

*

Kollpa Pampa, 2 Aprili 1988

Mwanangu Nilda,

Mimi mkweo Saturnina ndiye ninayesema. Eulalia anaandika, na nimemwambia asitie chumvi.

Mtoto ni mzima. Tulimwita mganga kutoka ng'ambo ya mto, akatazama majani ya koka, akasema jambo ambalo mimi nilishalijua bila majani: roho ya Nicanor ilibaki kijitoni siku ile alipoteleza kwenye mawe. Mwili umekuwa ukitembea peke yake. Mtu asiye na roho ataacha kupotea? Tukaenda kijitoni na kofia yake, tukaitikisa juu ya maji, tukamwita kwa jina: Nicanor, njoo twende nyumbani, supu inapoa. Kisha tukatoa sadaka kwa Ardhi, sadaka nzito, si ya kubahatisha. Tangu siku hiyo anakula, anakimbiza kondoo, anatukanana na mbwa.

Jambo la pili. Don Anacleto amekubali kuwa baba wa nywele. Amekubali mwenyewe mbele ya watu, na pombe ya mahindi, chicha, ikanywewa mpaka mtungi ukalia. Siku ya Rozari atashika mkasi akate kishungi cha kwanza, na kuanzia hapo sisi na yeye tutakuwa ndugu. Kwa hiyo nywele zisiguswe. Si mkasi, si kitana. Zikae kama zilivyotoka tumboni mwako.

Hapa Mama ametoka kumfukuza nguruwe, naandika mimi Eulalia. Anasema mtoto amerudiwa na roho. Mimi naona amerudiwa na domo. Jana ameniita ng'ombe mzee. Kuhusu vidonge usihangaike, wifi, vyote vimetumika. Mama anarudi.

Nimesema yote. Usome kwa bidii, utuletee cheti.

Saturnina

*

Sucre, 25 Aprili 1988

Wifi,

Barua yenu niliisoma nikiwa nimesimama kituo cha malori, watu wananisukuma kwa magunia ya vitunguu, nami sikusogea. Vidonge vinafanya kazi! Mama aseme ni kofia na kijito, sitabishana naye. Akipenda, nitamsifia kijito mbele ya kanisa zima. Sisi wawili tunajua.

Nimemwona Daktari Urquizo hospitalini, mama mmoja mwembamba anayesikiliza kichwa kikiwa kimeinama kana kwamba sikio moja halisikii. Nilimweleza yote. Akasema: "Kama dawa imemtuliza, tusiibadilishe. Lakini mlete nimwone kwa macho."

Nimepata chumba kwa Bi Edelmira, mjane anayeuza maandazi ya nyama asubuhi. Ana maneno makali na paa lisilovuja. Mwanzoni mwa Mei nitakuja kumchukua Nika. Nimeshanunua vidonge vingine vya aina ileile. Mwambie Mama taratibu, wakati ameshiba.

Tena nimecheka peke yangu barabarani. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Ungeniona ungesema nimelewa.

Nilda

*

Sucre, 2 Juni 1988

Mama, na wewe Eulalia,

Sijui nianzie wapi, basi naanza pabaya. Nika hali yake si nzuri.

Nampa vidonge kwa mkono wangu. Natazama koo likimeza, namwambia afungue mdomo, anyanyue ulimi. Siku za kwanza alikuwa kama mlivyoniachia. Kisha akaanza kupotea mezani, kisha mlangoni, kisha katikati ya neno. Sasa mikono pia inarushwa, kama mtu aliyeshtuliwa kutoka nyuma, na kikombe kinaruka mpaka ukutani. Wiki iliyopita alianguka kwenye ngazi za kanisa. Hakulia. Alikaa akanitazama kwa makini, kana kwamba mimi ndiye niliyeanguka.

Bi Edelmira aliniuliza mbele ya wateja, "Mwalimu, mtoto wako ana nini?"

"Ana usingizi."

"Usingizi gani huo unaomwaga uji wangu?"

Kesho yake nikamkuta anasukuma jiko la mafuta mpaka pembeni kabisa, na gogo ameliweka mbele. "Asije akaungua," akasema. "Na wewe uache kuniangalia kama polisi."

Daktari ameongeza dawa. Amesema pia apimwe kwa mashine inayosoma umeme wa ubongo, kwa sababu kifafa si kimoja, kina aina nyingi, na kila aina ina dawa yake. Tukaenda. Mpimaji ni kijana mfupi, koti jeupe limemzidi mikono.

"Binti yako anaitwa nani?"

"Nicanor."

Akaangalia karatasi, akaangalia nywele zinazofika kiunoni. "Nicanor?"

Nika akamjibu, "Binti ni wewe, umevaa gauni."

Kijana alicheka vizuri, lakini alipoingiza vidole nywelini akaacha kucheka. Mama, unajua zilivyo. Zimeshikamana kama sufu iliyokanyagwa kwenye matope. Zile nyaya zina vifungo vidogo vya chuma, na kila kifungo lazima kiguse ngozi. Alijaribu hapa, akajaribu pale. "Mama mtoto," akasema, "humu hata chawa atapotea njia. Nikibandika juu ya hizi, mashine itasoma sufu, ubongo haitauona. Zikate urudi. Nywele zitaota."

Sijakata. Nimerudi nazo chumbani. Mama, naomba ruhusa yako. Don Anacleto anaweza kuja Sucre siku yoyote lori linapokuja, akate yeye mwenyewe, nitapika mimi, nitaazima viti. Tusingoje Rozari.

Nilda

*

Kollpa Pampa, 18 Juni 1988

Mwalimu,

Umeona kwamba leo sikukuita mwanangu.

Kwangu alikuwa mzima. Kwako anaanguka ngazi za kanisa mbele ya watakatifu. Sasa kati yangu na wewe, nani anahitaji kupimwa na mashine?

Unataka Don Anacleto apande lori kama gunia, aje kukata nywele katika chumba cha muuza maandazi? Mtu mwenye ng'ombe wale? Baba wa nywele hufuatwa na ngoma, hafuatwi na barua. Na roho imerudi juzi tu, bado inakaa kwenye nywele za mtoto kama ndege mgeni. Ukizikata kabla hajapata baba wa kuishika, itaruka, na safari hii haitasimama kijitoni tuiite kwa kofia.

Hapana. Mrudishe mtoto. Nimemaliza.

Saturnina

(Karatasi ya pili, ndani ya bahasha ileile)

Wifi, hii Mama haijui. Nimeikunja ndogo.

Kuna jambo hakukwambia kwa sababu anaona aibu. Tangu mwaka ule wa ukame, Don Anacleto anafunga mfereji pale juu kwake. Zamu yetu ya maji ikifika, kinachoshuka ni tope na vyura. Mahindi ya mwaka jana uliyaona mwenyewe, masuke kama vidole vya mtoto. Mama amemfuata, ameomba, amepiga kelele, amempelekea jibini. Mwisho ndipo akapata akili ya nywele. Mtu hamfungii maji ndugu yake, hata Don Anacleto ataona haya. Ndiyo maana anakazana hivi.

Na usidhani habari ya roho anaigiza. Anaiamini kabisa. Yote mawili yamo kichwani mwake, na yamesukwa pamoja, huwezi kuvuta moja ukaacha jingine.

E.

*

Sucre, 4 Julai 1988

Eulalia,

Barua hii ni yako peke yako. Isome huko kwenye kondoo.

Jana Nika ameungua mkono. Si kwa mafuta. Ni kwa kikombe cha uji wa moto kilichomrukia alipotupwa na ule mshtuko. Bi Edelmira alikuwa na maji baridi kabla mimi sijasimama. Daktari ameongeza dawa tena. Na kadiri tunavyoongeza, ndivyo anavyozidi. Nilimwambia daktari hivyo, akasema labda ugonjwa unakua. Labda. Neno hilo nimelibeba mpaka nyumbani, nikalipindua kila upande.

Nimekuwa nikitembea chumbani. Ni hatua chache kisha ukuta, kisha narudi. Nimejiuliza, kwenu alikuwa na nini ambacho kwangu hana? Chakula ni kilekile, viazi na mahindi ya kuchemsha. Baridi ni ile ile. Kondoo? Mbwa? Mapenzi? Siwezi kukubali kwamba ni mapenzi. Nimeyapanga yote, nikaona kwamba mengine yote niliyaona kwa macho yangu nilipokuja kumchukua, isipokuwa moja. Sikuuona mkono wako ukimpa kidonge.

Uliandika "vimetumika". Nimelisoma neno hilo mpaka likakosa maana. Hukuandika "amemeza".

Sikushtaki. Sina nguvu ya kumshtaki mtu. Lakini jibu lako litamfikia daktari, na daktari atafanya jambo kutokana nalo. Ukinificha kwa ajili ya kumlinda Mama, unamlinda dhidi ya mtoto wa miaka minne. Alimeza au hakumeza?

Nilda

*

Kollpa Pampa, 20 Julai 1988

Wifi,

Hakumeza hata kimoja.

Siku uliyoondoka nilimpa, akakitema. Jioni nilimpa tena, akakificha shavuni, akamtemea mbwa. Nilisema kesho nitakisaga kwenye supu. Kesho yake akaja mganga. Akamwambia Mama kwamba roho imekaa nje muda mrefu, Ardhi imeizoea, haitaiachilia kwa mafuta ya lama na peremende za rangi peke yake. Sadaka iwe na kitu cha thamani, kitu kilichotoka mbali na kumgharimu mwenye mtoto.

Mama akaingia ndani. Nilidhani atatoka na vile vifungo vya fedha vya shali yake. Akatoka na vidonge vyako. Akavipanga juu ya mafuta, kimoja kimoja, katikati ya majani ya koka, kama mtu anayepamba altare. Akasema, "Mke wa mwanangu amevihangaikia hivi. Ardhi itaona kwamba hatubani." Vikaungua vyote. Moshi ulinuka zahanati.

Hakufanya kwa dharau, Nilda. Ungeona uso wake. Kwake hapakuwa na mahali pa juu zaidi pa kuviweka.

Na mtoto akatulia. Ningesema nini? Wewe ulifurahi, Mama alifurahi, kila mmoja na sababu yake, mimi katikati nimeshika kalamu. Nikaandika neno ambalo si uongo.

Jambo jingine, kwa kuwa nimeanza. Hakupona kabisa. Alikuwa anapotea, ila kidogo, mara moja moja, kama mtu anayefikiri. Mama alinikataza kuandika. Alisema ukiitaja roho kila inapochungulia nje, inaona aibu kukaa.

Nichukie ukitaka. Lakini nijulishe mkono wake unaendeleaje.

Eulalia

*

Sucre, 5 Agosti 1988

Mama,

Najua kuhusu sadaka. Usimgombeze Eulalia, nilimbana mimi, na wewe unajua ninavyobana. Sikuandikii kukulaumu. Nilipoambiwa, niliketi kitandani nikakasirika, kisha nikajaribu kuendelea kukasirika nikashindwa, kwa sababu vidonge hivyo, Mama, afadhali Ardhi ilivila yenyewe.

Nilikwenda kwa Daktari Urquizo nikamsimulia kila kitu, hata mafuta ya lama. Aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo alipokuwa hapewi chochote, alikuwa afadhali?"

"Ndiyo."

"Na ulipoanza kumpa wewe?"

"Ndipo akaanza kurushwa."

Akajikuna paji la uso. Halafu akasema maneno ambayo sikutegemea kuyasikia kwa daktari. "Basi huko kijijini hakuwa amepona. Alikuwa tu hajaharibiwa na mimi." Akaeleza kwamba dawa ile inafaa sana kwa aina fulani za kifafa, lakini kuna aina nyingine ambazo dawa hiyohiyo inazichochea, kama kupepea moto. Anadhani Nika ana aina hiyo. Ameanza kumpunguzia. Lakini nilipomwomba ampe nyingine papo hapo, akakataa. "Nimeshabahatisha mara moja juu ya mtoto wako. Sibahatishi mara ya pili. Nataka kipimo."

Tumerudi palepale, kwenye nywele.

Nimeongea na yule mpimaji. Ameshika kichwa cha Nika, akanionyesha: nyuma kabisa, juu ya shingo, kishungi kimoja kinaweza kubaki, hakitamzuia. Kimoja, Mama, kinene kama kidole gumba. Hicho Don Anacleto atakikata siku ya Rozari, mbele ya watu, kwa ngoma, na ndugu mtakuwa. Kila mtu Kollpa Pampa anajua habari ya mfereji, nami pia najua. Sitaki mkose maji kwa ajili yangu.

Nikubalie. Sitangoja jibu muda mrefu, nakwambia mapema ili usiseme nilikuvizia.

Nilda

*

Kollpa Pampa, 23 Agosti 1988

Mwanangu Nilda,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Nilimfanya Eulalia aisome tena na tena mpaka sauti ikamkauka, akaniambia nijifunze kusoma mwenyewe. Nimempiga na kifagio, kidogo tu.

Kuhusu vidonge nilitoa kilicho bora. Sijutii kutoa. Na kama unavyosema vilikuwa vibaya, basi nani alimwokoa mtoto? Sisemi kitu, nauliza tu.

Kishungi kimoja. Nilimfuata Don Anacleto kabla ya ibada. Nilidhani atanitemea mate. Alicheka, akasema, "Mama Saturnina, mkasi wangu ni mzee, nywele chache zinaufaa." Ndivyo alivyosema, na jana maji yameshuka mpaka kwetu, safi, nikasimama ndani yake kwa miguu mitupu. Sijui kama unaelewa. Mahindi ya mapema yameinua vichwa.

Basi nakubali. Lakini sikia masharti, na usiniulize mara mbili. Mganga amesema kuanzia wiki moja kabla ya Rozari mtoto asiingiwe na kitu chochote cha duka la dawa mwilini. Chochote, kidonge wala maji. Akatwe nywele akiwa safi, la sivyo roho haitashika. Na baada ya sherehe atabaki hapa. Atapewa kondoo wake siku hiyo, na mtoto hukaa waliko kondoo wake. Baba yake alikaa, na babu yake alikaa. Wewe fanya kazi yako huko, utakuja likizo.

Dawa, kama bado utaona ni lazima, utaniachia mimi. Sitaichoma. Naapa kwa Mama wa Rozari, nitampa nikiona anahitaji.

Mkono wake umepona? Mpake mafuta ya kuku.

Saturnina

*

Sucre, 9 Septemba 1988

Mama,

Eulalia, soma yote. Usiruke palipo pagumu, usilainishe. Mama ana haki ya kunisikia nilivyo.

Barua yako ilinikuta nimeshamnyoa. Nilikuambia sitangoja. Nilimkalisha uani kwa Bi Edelmira, juu ya kreti, na mkasi wa kukatia kuku, kwa sababu mwingine ulikataa kupita. Nika aliuliza, "Baba wa nywele yuko wapi?" Nikasema, "Anakuja, mimi natangulia." Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa naacha kila mara, nanyoosha vidole, naanza upya. Chini ya zile nywele kichwa chake ni kidogo sana, cheupe, na nyuma ya sikio ana alama ambayo hatukuwahi kuijua. Nilibakiza kishungi kimoja, juu ya shingo, kama nilivyokuahidi.

Mpimaji hakumtambua. "Yule binti mkali yuko wapi?" Nika akaonyesha ngumi. Wakambandika nyaya kichwa kizima, wakampa kipande cha karatasi akipulize kwa nguvu, bila kuacha, maana kupuliza hivyo huuamsha ugonjwa ujionyeshe. Kalamu za mashine zilikuwa zinakwenda taratibu, zote sambamba. Akapuliza, akapuliza, kisha akaacha kupuliza, macho yakapanda, na kalamu zote zikainuka kwa pamoja, juu chini, juu chini, karatasi ikajaa vilele vikali kama milima anayochora mtoto. Nilimwona akiondoka, Mama, na safari hii kulikuwa na alama ya mahali alikopita. Kisha zikatulia, naye akaendelea kupuliza.

Daktari aliitazama karatasi muda mrefu, lakini hakusita. Ni aina ileile aliyoidhania. Ametoa dawa ya maji, anakunywa mara mbili kwa siku, na damu yake inapimwa kila baada ya muda kuona kama ini linaivumilia. Sitakudanganya kwamba amepona. Wiki ya kwanza alikuwa anatapika. Bado anapotea asubuhi, anapoamka. Lakini mikono imeacha kurushwa. Juzi amebeba kikombe kilichojaa kutoka jikoni hadi mlangoni, Bi Edelmira amesimama nyuma yake ameziba mdomo. Alipofika akasema, "Nimefika," kana kwamba sisi ndio tulikuwa na shaka.

Nilimuuliza daktari kuhusu wiki moja bila dawa. Nilimuuliza vizuri, sikumcheka mganga, na yeye pia hakucheka. Akasema dawa hii haikatishwi ghafla. Mtoto anaweza kushikwa na kifafa kirefu, kile kisichokoma chenyewe, na kutoka Kollpa Pampa mpaka hospitali ni safari ya lori kutwa nzima, kama lori lipo. Nikamuuliza siku tatu je. Nikamuuliza siku moja. Alinitazama akajua kwamba siulizi kwa niaba yangu.

Halafu umesema atabaki, na kwamba dawa utampa ukiona anahitaji. Mama, ndipo hapo. Akihitaji, utakuwa umechelewa. Dawa hii anapewa siku anazoonekana hana haja nayo kabisa, anapokimbia, anapotukana mbwa. Ungeweza kumpa dawa mtoto unayemwona mzima, kila siku, mwaka hata mwaka? Nakujua. Ungemwangalia hivyo alivyo na afya, ukaona ni dhambi. Tena ungeona kwa upendo, na mimi upendo huo nimeshauona unachoweza kufanya.

Nimefikiri sana juu ya maji. Usidhani sikufikiri. Nimekuona umesimama mferejini kwa miguu mitupu, nimekuona hata nikiwa darasani, mwalimu ananiita jina sisikii. Nilijaribu kutafuta njia: nije nayo nimpe kwa siri, nimbebe usiku huohuo wa sherehe nikimbie naye, nimwandikie Zenón aamue. Zenón nilimwandikia. Alijibu neno moja kupitia dereva: "Ongeeni." Na kila njia niliyoipata ilianzia kwenye kile kishungi. Kikiwepo, mtoto ana miadi. Ngoma zitapigwa, Don Anacleto atakuja na mkasi wake mzee, wewe utanishika mkono mbele ya watu wote, nami sitakuwa na nguvu ya kukataa hapo. Najijua. Mbele yako nimekuwa nakubali tangu siku ya harusi.

Don Anacleto ana haki ya kukasirika, na mimi ndiye wa kumkasirikia. Nitakuja Rozari bila Nika, nitasimama mbele yake niseme kwamba wewe ulitimiza neno lako na mimi ndiye niliyelivunja. Atafanya atakachofanya na maji yake. Cheti nitakipata Novemba, na nimeomba shule ya hapahapa mjini.

Kishungi nimekikata jana asubuhi, kabla sijaanza kuandika.

Nilda